Kasuku wa Fundi Saa

Kama hujawahi kusomewa gazeti na mtu anayekupenda, usijigambe kwamba unayajua mateso. Fundi Saa alisomewa na mkewe tangu macho yalipomwishia, na mke huyo, Mungu amzidishie, alikuwa na mapenzi tele na subira haba. Habari za bungeni alizimaliza kwa neno moja: "Wamegombana." Habari za misiba alizipita kimya kimya asije akamtia mumewe simanzi, hata Fundi Saa akawa anatuma salamu kwa watu waliokwisha kuzikwa. Za michezo ndizo usiseme. Alisoma mabao bila majina ya timu, kwa sababu majina, alidai, yanamchosha. Ukimuuliza nani kamfunga nani, anakujibu: "Si mmoja kashinda? Basi."

Ndiyo maana siku binti yao, kitindamimba, alipomwekea babake programu ya kusoma kwenye simu, Fundi Saa nusura alie. Unagusa kioo, sauti inasoma. Inasoma kila kitu, misiba na mabao na matusi ya wabunge, bila kumhurumia mtu. Sauti yenyewe ilikuwa ya puani, imenyooka kama rula, haipandi wala haishuki. Mkewe aliisikia mara moja tu akaibatiza Kasuku, na jina likaganda.

Sasa, Kasuku hakununuliwa. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililozua maneno. Kasuku ni programu huria. Wameiunda watu waliotawanyika huku na huko, wengi wao hawajaonana hata siku moja, na yeyote anayetaka anaruhusiwa kuichukua, kuifungua aone ilivyoundwa, kuitengeneza ilipoharibika na kuirudisha ili mwenzake naye apate. Binti alikuwa mmoja wa watu hao. Mchana alifanya kazi ya mshahara kwenye kampuni. Jioni, huko kwenye chumba chake cha kupanga, alikaa na Kasuku akimfundisha Kiswahili. Mamake jambo hilo lilimkera hadi kooni.

"Mtoto msomi, macho yamemwiva kama pilipili, na yote ni kazi bure."

"Si kazi bure, Mama," binti alimjibu. "Ni kazi ya bure."

"Na hiyo 'ya' yako ndiyo itakayokulisha?"

Fundi Saa alicheka mpaka akapaliwa. Lakini moyoni alikuwa upande wa binti. Yeye ufundi aliusomea kwa mtu ambaye kila akifika penye siri ya kazi alimpa mwanafunzi mgongo, akimaliza ndipo anageuka. Ilimchukua Fundi Saa muda mrefu kuvumbua peke yake kilichokuwa nyuma ya mgongo ule, na kumbe ni jambo dogo, dogo kiasi cha kumfanya mtu atukane. Alipofungua duka lake mwenyewe, wanafunzi wake aliwakalisha mbele yake, uso kwa uso, taa katikati. Baadhi yao walifungua maduka mtaa huohuo wakamnyang'anya wateja. Hakujuta. Basi, alijuta kidogo.

Duka lilishafungwa. Jicho la kushoto lilizimika lote, na la kulia lilibakiwa na mwanga haba. Aliweza kulijua dirisha na kuujua ukuta, na mkewe akipita katikati alimwona kama kivuli chenye haraka. Mwanga huo ulitunzwa kwa dawa ya matone na daktari wa kliniki iliyo nyuma ya soko, anayekuja mara moja kwa mwezi. Saa ya mkononi Fundi Saa aliiondoa kioo, akawa anasoma mishale kwa ncha ya kidole, taratibu, asije akaisukuma. Kazi ndiyo aliyoikosa. Mtu aliyezoea kuulizwa jambo kutwa nzima, akikaa siku tatu hajaulizwa chochote ila kama amekunywa chai, huanza kujiona kama kabati.

Kasuku alipoletwa alikuwa na kilema kimoja, nacho kilikuwa kwenye saa. Simu ikionyesha 14:30, yeye alisoma "saa kumi na nne na nusu." Fundi Saa alikasirika kabisa.

"Nimefungua saa maisha yangu yote," alimwambia binti kwenye simu. "Hiyo yenye kumi na nne sijawahi kuiona. Inauzwa wapi?"

Binti akaona haya kwa niaba ya Kasuku. Akamfundisha: ukikuta tarakimu zenye vile vidoti viwili katikati, zigeuze ziwe saa zetu. Nane iwe mbili, kumi na nne iwe nane. Alitaka pia Kasuku aseme asubuhi, mchana, jioni au usiku, na hapo akafanya kosa la kuwauliza wazazi wake usiku unaanza saa ngapi. Baba akasema saa moja ni usiku, kwa sababu giza limeingia. Mama akasema saa moja ni jioni, kwa sababu chakula bado kiko jikoni. Baba akasema tangu lini jua likamngoja mpishi. Waliendelea hivyo mwisho wa wiki mzima, na binti akanyoosha mikono. Akaacha Kasuku ataje saa tupu. Mtu mwenye akili zake atajua mwenyewe kama ni mchana au usiku. Kazi hiyo akaituma kwa wote, shukrani zikaja kutoka nchi ambazo mamake hakujua kama kuna watu wanaongea Kiswahili, na Fundi Saa akatamba mtaani kwamba saa za wasioona zimetengenezwa nyumbani kwake.

Basi kliniki nayo ikapata maendeleo. Badala ya kuandika miadi kwenye kadi, ikaanza kutuma ujumbe kwa simu. Ukaja wa Fundi Saa. Kasuku akamsomea: miadi ya macho ni Alhamisi, saa nane.

Wiki hiyo mkewe alikuwa anakwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. "Nimwite kifunguamimba akupeleke?" aliuliza huku anafunga kibegi.

"Kwani kliniki imehama?"

"Haijahama. Wewe ndiye nakuogopea."

"Nimekwenda na wewe mara ngapi, mke wangu? Nikifika kwa wachomea vyuma nakata kushoto, nikisikia mashine ya kusaga nimefika. Nenda kamwangalie mgonjwa."

Akaenda, roho upande. Na Fundi Saa Alhamisi hiyo alikula chakula chake cha mchana kwa raha zake, akavaa shati la kola, akatoka na fimbo yake. Alikata kushoto kwa wachomea vyuma. Alivuka mtaro kwenye ule mfuniko wa zege unaocheza. Alipoisikia mashine ya kusaga alijisikia mtu mzima kuliko alivyojisikia tangu afunge duka. Akagusa mishale: saa nane kasoro. Hata nesi atanisifu, akawaza.

Kwenye veranda ya kliniki hakukuwa na kelele za watu, ila maji ya deki tu na mtu anayekokota benchi.

"Mzee, angalia, kuna utelezi," mfagiaji alisema. "Unamtafuta nani?"

"Daktari wa macho. Nina miadi saa nane."

"Wa macho waliisha saa nyingi. Daktari ameshapanda gari."

Nesi akatoka na kuichukua simu yake. "Baba, nimekuandikia saa mbili. Nimeandika mwenyewe. Tumekuita jina mpaka tukachoka."

"Saa nane," Fundi Saa alisema.

"Saa mbili, baba. Hii hapa." Akamsomea. Halafu akaona upumbavu wa kumwonyesha maandishi mtu asiyeona, akamrudishia simu. Alimtafutia kichupa cha dawa kilichobaki nusu, akamwambia akitumie kwa kubana mpaka daktari arudi mwezi ujao, na akamuuliza kama kuna mtu wa kumrudisha nyumbani. Lilikuwa swali la huruma, na Fundi Saa liliingia kama mwiba. Njia ya kurudi ilikuwa ileile, wachomea vyuma walewale, lakini mara mbili alisimama akauliza yuko wapi.

Mkewe aliporudi na kupewa habari, hakugomba. Hilo ndilo lililomtisha mumewe. Alimsikia jikoni anasugua sufuria ambayo ilishasuguliwa, anasugua na kuvuta makamasi, na alijua kinacholiliwa ni ule mwanga wa jicho la kulia, ambao hakuna anayejua utadumu mpaka lini bila daktari.

Jumamosi wakaja watoto. Kifunguamimba aliuza vipuri vya magari, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Alikuwa na moyo mzuri. Hasira zake zote zilitokana na woga.

"Baba, nimeamua. Mtahamia kwangu, wewe na Mama. Chumba kipo, gari lipo, mtu wa kukushika mkono yupo. Na hicho kidude tutakitupa. Nitakununulia cha kampuni, cha watu wanaojua kazi. Cha bure ndiyo mambo yake haya."

Fundi Saa aliogopa, na sioni kwa nini nimfichie. Kwa mwanawe angependwa, hilo hakulitilia shaka. Angewekwa kwenye kiti laini, angeulizwa kama anataka chai, na asingejua dirisha liko upande gani. Pale nyumbani kila kitu kilimjua: kizingiti, ndoo, mlango wa choo unaokwama. Akihama, yule mtu mzima aliyesikia mashine ya kusaga siku ya Alhamisi hatamwona tena.

Binti alikuwa ameshaichukua simu. Aliusoma ujumbe wa kliniki kwa macho yake, akamsikiliza Kasuku anavyousoma, akausoma tena. Kisha akakaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama.

"Baba, ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Nesi ameandika 'saa 2:00'. Ameandika saa yetu, ya Kiswahili, ameshaigeuza kichwani mwake. Na Kasuku nilimwambia kila akiona tarakimu namna hii azigeuze. Kwa hiyo ameigeuza mara ya pili. Mbili ikawa nane." Akaendelea, "Mama anaandika 'saa 10' bila vidoti, ndiyo maana hatukugundua. Ningeweka lile neno la asubuhi au usiku, ungeshtuka. Nimekukosesha daktari, baba yangu."

"Si nilisema," kaka mtu akaanza, lakini mama akamkanyaga mguu.

Kumbe baya zaidi lilikuwa bado. Binti alifungua ukurasa wa Kasuku mtandaoni, ambao kwa majuma kadhaa hakuugusa kwa sababu ya kazi ya mshahara, akaanza kusoma malalamiko kwa sauti, na kila moja likazidi kumwinamisha. Mwanafunzi kaingia chumba cha mtihani wenzake wanatoka. Mtu kaachwa na basi. Mwanamke mmoja asiyeona, aliyehangaika muda mrefu kutafuta kazi, kafika kwenye usaili ofisi imefungwa. Binti aliyemgeuzia Kasuku saa alikuwa amewapotosha watu wa nchi kadhaa, na wote walikuwa wamemshukuru.

"Unaona sasa," kaka alisema, safari hii kwa upole. "Kosa la mmoja mmelila wote."

Alikuwa na haki, na hapana aliyembishia. Lakini Fundi Saa aligeuza uso upande wa sauti yake. "Na hicho cha kununua, kikikosea?"

"Unawaandikia wenye kampuni."

"Halafu?"

"Halafu unasubiri."

"Enhe. Kuna saa zimezibwa kiwandani, mwanangu, ukiifungua tu imekufa. Mtu ananiletea, naona kabisa kilichoharibika ni kitu cha kugusa kwa kibano, na siwezi kugusa. Nilikuwa naichukia saa ya namna hiyo kuliko mwizi." Akamgeukia binti. "Huyu Kasuku wako ana mfuniko?"

"Ana mfuniko, Baba."

"Basi acha kulia, tufungue."

Ilionekana kwamba mtu mwingine alikuwa ameshafungua. Mtu fulani, wa nchi ya mbali, asiyemjua binti wala babake, alikuwa ameingia ndani ya Kasuku, akapekua mpaka akaupata mstari wenye kosa, akauwekea alama na kuandika: tatizo liko hapa, ila sijui nimfundishe vipi kutofautisha. Hapakuwa na tusi. Binti aliusoma ujumbe ule akafuta uso kwa kiganja.

Na kweli, hapo ndipo penye kitendawili. Akikuta 2:00, Kasuku atajuaje kama mwandishi ameshaigeuza au bado? Binti akatoa wazo, babake akalipangua. Baba akatoa lake, binti akalipangua. Kaka alikuwa ameshika funguo za gari, lakini haondoki. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, akiwasikiliza kama mtu anayesikiliza watoto wanaotafuta kiatu walichokivaa.

"Mbona mnajitesa?" alisema. "Mtu akiandika 'saa' mbele, ameshahesabu. Saa mbili ni saa mbili. Asiyeandika 'saa', ananakili tu tarakimu za kwenye kioo cha simu."

Binti akamgeukia.

"Kila mtu anafanya hivyo?" binti aliuliza.

"Mimi ninafanya hivyo. Dada yangu anafanya hivyo. Nesi wenu amefanya hivyo. Lete simu yangu uangalie."

Walipekua simu ya mama ujumbe baada ya ujumbe, wa vikao, wa misiba, wa vikundi vya akina mama, na neno lilikuwa lilelile. Penye "saa" palikuwa na saa ya kwetu. Pasipo na "saa" palikuwa na ya kunakili. Fundi Saa akaongeza kwamba chochote kinachozidi kumi na mbili kigeuzwe hata kikiwa na "saa" mbele, maana hiyo hakuna binadamu aliyeihesabu kichwani. Na kifunguamimba, ambaye hakuna aliyemuuliza, akaweka funguo mezani.

"Wateja wangu mbona wanaandika '4:30 asubuhi', hawaweki hata hiyo 'saa'. Hapo je?"

"Nne na nusu ya asubuhi kwenye simu haipo," babake alisema. "Simu ikisoma nne na nusu, bado ni alfajiri, jogoo hajanyamaza. Hiyo ni ya kwetu."

"Na wakiandika '8:00 asubuhi'?"

"Nane ya asubuhi kwetu haipo. Hiyo igeuzwe."

"Na 7:00 jioni?"

"Hapo msianze," binti alisema, lakini walikuwa wameshaanza, mama na mwiko wake, baba na giza lake, na safari hii kaka naye akaingia upande wa mama. Chakula kiliungua kidogo siku hiyo. Binti aliandika huku wanapiga kelele, akimjaribisha Kasuku kwa ujumbe wa kweli na wa kutunga, mpaka akawa anasoma bila kukosea. Alimwandikia yule mtu wa mbali amjaribishe naye kwa upande wake. Alituma pia maneno ya kuwaomba radhi wote. Mwisho, mahali panapoandikwa nani amechangia nini, akaandika: kanuni ya neno "saa", Mama.

"Umeniandika mimi?" mama aliuliza. "Huko kwa watu wote?"

"Wote."

"Bure?"

"Bure, Mama."

Mama alifikiri. "Hebu hakikisha umeandika vizuri," alisema, akarudi jikoni, na kwa siku nyingi baadaye hakuna aliyemsikia akitaja kazi bure.

Hata hivyo lile la kuhama lilikuwa bado mezani, na Fundi Saa ndiye aliyelirudisha. "Sikiliza, mwanangu. Mwezi ujao nitakwenda tena, peke yangu, kwa kusomewa na Kasuku huyuhuyu. Nikifika kwa wakati, nabaki kwangu. Nikimkosa daktari tena, njoo na gari, utanikuta nimeshafunga mizigo."

Mkewe alisema hapana. Alisema hilo jicho si lake peke yake. Fundi Saa akautafuta mkono wake, akaupata, wenye unga. "Ni kweli," alimwambia. "Ndiyo maana naweka dau kubwa." Mke akaguna, lakini mkono hakuutoa.

Ujumbe wa kliniki ulikuja kwa maneno yaleyale ya nesi. Kasuku akausoma kwa pua yake: saa mbili. Mkewe hakugusa simu kuhakikisha, na sijui kama kuna jambo gumu zaidi amewahi kumfanyia mumewe. Alimnyooshea kola, akamwambia dawa ya leo ameshamtia, akafunga mlango. Fundi Saa alimsikia amesimama nyuma ya mlango muda mrefu.

Safari hii veranda ilijaa. Alisikia mabenchi yanalia, watoto, kikohozi, sauti za watu wanaobishana nani alitangulia, na kelele ile ilimburudisha kuliko muziki. Nesi alimwandikisha, akamkalisha karibu na ukuta. Hakumuuliza nani kamleta. Fundi Saa alipumua pumzi ambayo nadhani aliishika tangu mwezi uliopita. Atabaki kwake. Alitaka kumpigia mkewe, lakini kabla hajatoa simu, pembeni yake ikasikika sauti ya puani, imenyooka kama rula, inamsomea mtu kwamba miadi ya macho ni saa mbili.

Akashtuka. Simu yake ilikuwa mfukoni.

"Samahani, mama," alimwambia jirani yake. "Huyo anayekusomea ni nani?"

"Programu tu, baba. Ya wasioona." Ilikuwa sauti ya mwanamke wa makamo, mcheshi. "Sasa hivi amekuwa na adabu. Juzijuzi nusura anitoe roho. Nimetafuta kazi mpaka soli zimeisha, nikaitwa kwenye usaili, akaniambia saa nane. Wenzangu waliitwa saa mbili. Nimefika, ofisi imefungwa."

Fundi Saa angeweza kunyamaza. Nani angemjua? Lakini uso ulimpata moto kana kwamba yule mama anamwona.

"Ni binti yangu aliyekosea," alisema. "Mimi pia alinikosesha daktari, hapahapa. Na kumrekebisha tumemrekebisha nyumbani, mimi na mamake na kakake na mtu mmoja wa mbali. Lakini ile kazi yako ilishapotea. Tusamehe, mama."

Benchi likalia, Fundi Saa akadhani yule mama amehama.

"Nilipata kwingine," yule mama alisema. "Si nzuri kama ile." Akamsogelea. "Huyo binti yako, nikitaka kumwambia kitu, anasikia?"

"Anasikia sana. Kuna nini?"

"Wanangu wako mbali. Wananiandikia kila siku, lakini unawajua vijana, wanaandika kwa mkato. Badala ya 'tu' wanaweka tarakimu ya mbili, kwa vile Waingereza huitamka hivyo. Wakitaka kusema 'tunakupenda', wanaanza na mbili. Basi huyu ananisomea: 'Mbili nakupenda.' Kila jioni, mbili nakupenda, mbili nakupenda. Maana yake naijua, baba. Ila ningependa niisikie."

Fundi Saa alishika simu yake kwa mikono miwili.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nikurekodi, nimpelekee. Hiyo mbili inakaa mwanzoni tu, au hata katikati ya neno?"

"Hata katikati. Wakiandika 'mtu' wanaweka m na mbili, yeye anasoma mita mbili. Mwanangu kaniandikia amepata mchumba, mita mbili mwema sana."

Benchi zima likacheka, na Fundi Saa akacheka nalo, lakini sikio lake halikuondoka kwenye kazi. "Na ikiwa ni mbili ya kweli, ya kuhesabu? Wanaacha nafasi kabla ya neno, au wanabandika?"

"Hapo nitafakari. Nadhani wanaacha nafasi."

"Mzee," nesi aliita kutoka mlangoni, na kutaja namba yake. "Zamu yako. Daktari anakusubiri."

"Si kwa kudhani, mama. Tutafute mmoja wa kweli tumsikilize. Fungua wa jana."

"Mzee wangu," nesi aliita tena. "Husikii? Ni wewe."

"Nimekusikia, binti yangu," Fundi Saa alisema, simu ameisogeza karibu na mdomo wa yule mama. "Nipe dakika moja tu. Niko kazini."